Gauni la Kwenda Bangkok

Shangazi alikuwa ameshafika Bangkok, ameshashuka kwenye ndege, ameshagombana na dereva wa teksi na kuingia sokoni kuchagua vitambaa, na yote hayo hajainuka kwenye kochi la wifi yake wala chai yake haijapoa. Ndivyo alivyopanga mambo siku zote. Safari yenyewe haikuwa yake. Ilikuwa ya Pini, mtoto wa marehemu kaka yake, ambaye muda wote huo alikuwa akizunguka sebuleni kama aliyepoteza ufunguo.

"Magoti yangu hayawezi tena zile ngazi za treni za juu," Shangazi alisema, akiyapiga magoti hayo kama watoto watukutu. "Kwa hiyo wewe ndiwe miguu yangu. Ukitoka uwanja wa ndege usimsikilize mtu. Atakayekuvuta mkono huku, wewe nenda kule."

"Nimeelewa, Shangazi."

"Hujaelewa. Kaa chini kwanza, unanizungusha kichwa."

Pini akakaa. Punde akajikuta amesimama tena dirishani, anafungua pazia, anafunga pazia. Mama yake, aliyekuwa akikunja nguo kimya kwenye kiti cha pembeni, alimtupia jicho kisha akarudi kwenye nguo zake.

Jina la Pini alilipata alipokuwa akijifunza kushona. Alikuwa akibana pini midomoni, safu nzima, na bado akigombana na wateja bila hata moja kuanguka. Siku hizi aliuza vitambaa kwenye duka la Shangazi, na hakuna aliyemshinda kwa kujua kitambaa kizuri. Ndiyo maana akachaguliwa kwenda kununua mzigo. Tangu alipoambiwa, alikuwa ameuchungulia mji ule kwenye simu mpaka macho yakamwasha. Aliona Sampheng, kichochoro chembamba ambamo mikokoteni na watu hupishana kwa kubembelezana. Aliona soko la Pahurat, majora ya vitambaa yamepangwa mpaka darini, na boti mtoni zikiwabeba watu kwenda kazini kana kwamba hilo ni jambo la kawaida tu. Alijua ashuke kituo gani cha treni. Alijua joto la huko ni la kunata na mvua yake haipigi hodi. Aliutaka mji ule kwa uchu, na hakuona haya kusema.

Ila raha yake ilikuwa na mwiba, na mwiba huo ulikuwa mtaa wa pili, ndani ya kibanda chenye cherehani mbili. Tangu Fundi, aliyemfundisha Pini kushona, aliposikia habari za safari, alikuwa amegeuka mtu wa adabu kupita kiasi. Mwanamume aliyezoea kumwita Pini kwa mbinja sasa alimwambia "karibu" na "asante". Hakuuliza anaondoka lini. Hakuuliza anarudi lini. Na Pini, kwa kiburi chake, hakumwambia.

"Kuhusu malazi," Pini alisema, akirudi kwenye kochi na simu mkononi, "ile hoteli niliyokuonyesha karibu na soko la Pratunam nimeona ni safi, halafu kwa miguu tu nafika—"

"Hoteli ya nini, na watu wetu wapo?" Shangazi alimkata kauli. "Utafikia kwa shoga yangu. Mwanawe, yule Injinia, atakupokea. Kijana mtulivu, hana makuu. Ana nyumba yake ghorofa ya juu kabisa, mto wote unauona ukiwa kitandani."

"Nani yuko kitandani, Shangazi?"

Mama alikohoa. Shangazi akacheka kicheko kirefu kuliko kichekesho chenyewe.

"Mtoto huyu ana mdomo! Yeyote. Wewe, mimi, mgeni yeyote. Nimesema tu kwamba mto unaonekana."

"Na ninarudi lini?"

"Tarehe ya kurudi nimeiacha wazi. Mji kama ule hauendewi mbiombio."

"Na mzigo? Msimu wa wateja unaanza, rafu ziko tupu."

"Mzigo una njia zake, utasafirishwa. Wewe usiwe na haraka na mzigo."

Hapo Pini akaiweka simu chini. Alimjua Shangazi. Huyu ni mwanamke ambaye kifungo kimoja kikichelewa huwapigia simu watu mpaka wanazima simu zao. Leo hana haraka na mzigo! Pini alimtazama mama yake, na mama yake akaona shati moja halijakunjwa vizuri, akalikunjua, akaanza upya.

"Halafu nimekuchukulia gauni lako," Shangazi aliendelea upesi, akivuta mfuko chini ya meza. "Leo nimeona maajabu. Nimefika kwa Fundi Kesho, nimekuta limeshonwa, limepigwa pasi, limekunjwa, linaningoja. Nikadhani nimekosea kibanda."

Mtaa mzima ulimwita hivyo, Fundi Kesho, na mwenyewe aliitika. Ukimpelekea suruali, kesho. Ukirudi kesho, kesho. Watu walimlalamikia na watu haohao hawakwenda kwa fundi mwingine, kwa sababu nguo ya Fundi ukiivaa unajiona kwenye kioo ukataka kujisalimia.

"Alisemaje?" Pini aliuliza, akijifanya anakagua mfuko.

"Atasema nini? Alisema chukua."

Pini aliingia chumbani, akafunga mlango kwa komeo. Gauni lilikuwa la pamba nyepesi, bluu ya wino, kitambaa alichokichagua mwenyewe kwa ajili ya lile joto la kunata. Akalivaa. Lilimkaa kana kwamba lilizaliwa naye. Mabegani halikuvuta, kiunoni halikubana, na pindo liligusa pale hasa alipopenda. Hakupimwa. Fundi alikuwa amelikata kwa kukumbuka tu, na hilo peke yake lilimtia Pini joto usoni. Alijigeuza mbele ya kioo, akatabasamu peke yake kama mwehu.

Kisha akalivua akaligeuza ndani nje. Lilikuwa zoea tu. Mtu aliyefundishwa kushona na Fundi haangalii nguo upande wa nje, huko ni kwa wateja.

Tabasamu likamwisha.

Kitambaa cha ndani ya mshono kilikuwa kimekatwa karibu kabisa na uzi. Ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, kiunoni, mikononi. Palibaki ukingo mwembamba wa kuzuia gauni lisifumuke, basi. Hata pindo la chini lilikunjwa mara moja tu.

Kwa mtu mwingine hilo lisingekuwa na maana yoyote. Kwa Pini lilikuwa kama kupigwa kofi. Miaka yote aliyokaa kwenye ile cherehani ya pili, kabla mkasi haujagusa kitambaa, Fundi alimuuliza swali moja kuhusu kila mteja: "Huyu anarudi?" Akiwa wa mtaani, mtu wa siku zote, aliachiwa kitambaa cha kutosha ndani ya mshono, ili akinenepa arudi, nguo ifumuliwe na itanuliwe. Akiwa mpita njia, asiyetazamiwa kuonekana tena, Fundi alikata karibu na uzi, kitambaa kisipotee bure. Walioachiwa kuliko wote walikuwa maharusi. "Bibi harusi hurudi na mwenzake tumboni," Fundi alikuwa akisema huku akichora mstari wake wa chaki mbali kabisa, na Pini, pini zikiwa midomoni, alicheka kwa pua.

Na yeye sasa ameshonewa kama mpita njia.

Mama aligonga. Pini alifungua, gauni likiwa mkononi, macho yameshalowa.

"Halikukutosha?"

"Limenitosha sana. Mama, Injinia ni nani?"

Mama alikaa ukingoni mwa kitanda, akanyoosha shuka ambayo haikuwa na mkunjo.

"Ni mtoto wa watu wazuri. Shangazi yako amewaza mbali. Alisema ukifika ukamwona, ukampenda mwenyewe, basi ni heri. Usipompenda unarudi. Hakuna aliyesema utafungwa kamba."

"Na kwa nini sikuambiwa?"

"Ungekataa kwenda."

"Kwa hiyo mimi naambiwa ni mnunuzi, kumbe mimi ndiye mzigo!"

"Usinipandishie sauti, mwanangu." Lakini Mama hakuwa na hasira. Alionekana amechoka. "Unadhani sijui kuhusu fundi wako? Najua tangu ulipoanza kurudi na nyuzi kwenye nywele na wimbo mdomoni. Ni mtu mwema, simkatai. Ila niambie wewe, ameshawahi kuukanyaga mlango huu? Nimengoja. Kila nikikuuliza unaniambia anakuja. Lini? Kesho. Mama gani atampa binti yake mtu wa kesho?"

Swali hilohilo Pini alikuwa amelala nalo usiku mwingi. Akalitia gauni mfukoni, akavaa viatu.

"Unakwenda wapi?"

"Narudisha nguo."

"Shangazi yako bado hajamaliza kukupangia."

"Mwambie aendelee. Ameshazoea kupanga mimi nisipokuwepo."

Alipita sebuleni mbio, Shangazi akiuliza kuna nini, na mlango ukajibu kwa niaba yake. Njiani hakusalimia mtu. Muuza vocha alimwita, muosha magari akamtania, hakusikia hata mmoja. Kichwani alikuwa akipanga maneno, akiyapangua, mpaka alipofika kwenye kibanda yalikuwa yamebaki machache na yote makali.

Fundi alikuwa kwenye cherehani yake, futi ya kupimia inaning'inia shingoni, mgongo umeinama. Mbele yake alisimama mwalimu wa shule ya jirani, mkono kiunoni.

"Suruali yangu, Fundi. Kesho ya ngapi hii?"

"Mwalimu, kesho asubuhi unaivaa. Nimebakiza vifungo."

"Mwezi uliopita pia ulibakiza vifungo."

"Vifungo ndivyo vigumu, Mwalimu."

Kisha Fundi akamwona Pini mlangoni, na akaona mfuko. Mguu wake ukaachia pedali. Mwalimu aligeuka, akamwona binti aliyevimba kwa hasira, akamtazama fundi aliyepauka, akaelewa zaidi ya alivyotaka.

"Basi nitapita baadaye," alisema, akatoka bila kungoja kuagwa.

"Karibu," Fundi alisema.

"Usinikaribishe!" Pini aliutupa mfuko juu ya meza ya kukatia. "Mimi si mgeni hapa. Ile cherehani pale niliivunjia sindano zaidi ya unavyojua. Nani amekufundisha kunikaribisha?"

"Gauni lina tatizo?"

"Wewe unajua tatizo lake."

Alilitoa, akaligeuza, akalitandaza chini ya pua yake. Fundi hakulitazama. Alimtazama yeye, kisha akatazama mikono yake mwenyewe.

"Huyu anarudi?" Pini aliuliza. "Hilo ndilo swali, si ndiyo? Ulijiuliza, ukajijibu, ukashika mkasi. Mimi hata kuulizwa sikuulizwa."

"Niliambiwa."

"Na nani?"

"Shangazi yako. Alipopita kuulizia gauni lako alisema nishone vizuri, maana hilo ni gauni la kumwonyesha mchumba. Akasema likipendeza hutarudi." Fundi alikung'uta chaki mikononi. "Likapendeza. Nililiona limependeza tangu sijalikata. Ningefanya nini, Pini? Nilishone vibaya?"

"Ungeniuliza!"

"Nilikungoja useme. Ulikuwa unapita hapa kila siku, unanieleza habari za masoko na boti na treni zinazopita juu. Macho yanakuwaka. Hujasema hata siku moja, nitarudi."

"Kwa sababu hujasema hata siku moja, rudi!"

Nje mtu alipita akipiga kengele ya baiskeli. Pini akakaa kwenye kiti cha cherehani yake ya zamani, na mkono wake wenyewe ukashika gurudumu kwa mazoea.

"Sikujua kwamba kuna mchumba," alisema taratibu. "Nimejua leo, muda si mrefu uliopita. Mimi nilijua naenda kununua vitambaa."

Fundi alimtazama, na uso wake ukabadilika polepole, kama wa mtu aliyeambiwa mgonjwa wake amefumbua macho.

"Hukujua?"

"Ningejua ningekuletea kitambaa hiki unishonee? Mimi ni mtu mbaya kiasi hicho?"

"Nilidhani..." Alijifuta uso kwa kiganja, akaacha alama ya chaki shavuni. "Nilidhani ndiyo namna yako ya kuniaga. Basi nikajibu kwa namna yangu. Nilijua utaligeuza. Nani mwingine duniani angeligeuza gauni jipya kabla hajalivaa?"

"Nililivaa kwanza," Pini alisema, akivuta kamasi.

"Lilikukaaje?"

"Usinichekeshe, nina hasira. Kwa nini hukuja kuniuliza kwa mdomo, kama watu?"

"Sijui kuuliza. Najua kukata."

"Na kusema kesho."

Hilo lilimpata. Alisimama, akazunguka meza, akaanza kupanga vibobini vya uzi vilivyokuwa vimeshapangwa.

"Unajua kwa nini siji kwenu?" alisema, akiwa amempa mgongo. "Si kwamba sitaki. Kila siku nasema kesho navaa shati safi naenda. Halafu namwona Shangazi yako amekaa kwenye lile kochi, ananiuliza nina nini. Nitamwambia nina cherehani mbili na jina la utani? Nikasema ngoja niongeze ya tatu. Halafu ngoja nipate chumba kikubwa kuliko hiki. Kumbe ninavyongoja, wenzangu wanajenga maghorofa yanayoona mto."

"Umejuaje kuhusu mto?"

"Shangazi yako alinieleza yote. Mpaka kitanda."

Pini alicheka. Hakutaka, lakini kilimtoka, kicheko na machozi kwa mpigo, na Fundi akageuka akamwona, akacheka naye kidogo, kwa woga. Walitazamana hivyo. Kwa muda mrefu hawakuwa wametazamana bila adabu ya uongo katikati yao, na Pini aliona alivyokonda, alivyo na macho mekundu ya mtu anayeshona ili asifikiri. Akampenda palepale kwa nguvu mpaka akaogopa.

"Sikiliza," alisema. "Bangkok naenda. Nisipokwambia ukweli huu nitakuwa nakudanganya. Naitaka ile safari. Nataka nisimame katikati ya yale majora, niguse kila kitambaa kwa mkono wangu, nichague mwenyewe. Ukiniambia nisiende nitabaki, na nitakuchukia polepole."

"Sitakwambia usiende."

"Nitafikia hoteli, ile niliyoichagua mwenyewe. Injinia nitamsalimia nikikutana naye. Na tarehe ya kurudi naiweka leo, mzigo usafiri na mimi nikiuona."

"Shangazi yako atakubali?"

"Sijui. Anaweza kuninyang'anya safari yote, tiketi ni yake." Aliviona vile vichochoro vinafungwa kimoja kimoja. "Akininyang'anya nitalia wiki nzima. Lakini sitakwenda kwa hila. Naenda kama mtu anayerudi au siendi kabisa."

Fundi alilishika gauni la bluu, akapitisha kidole kwenye mshono alioukata yeye mwenyewe.

"Hili halirekebishiki," alisema. "Nimekata. Hata nikitaka kuongeza, hakuna pa kuongezea."

"Shona lingine. Jora lile la bluu bado lina kipande, nilikuachia hapa."

"Lipo."

"Nipime."

"Vipimo vyako navijua."

"Nipime, nimesema. Watu hubadilika."

Fundi alivuta futi shingoni. Pini alisimama katikati ya kibanda, akanyoosha mabega. Alikuwa amepimwa na mtu huyu mara nyingi, alipokuwa mwanafunzi akitumika kama sanamu la kujaribishia nguo za wengine, na hakuwahi kuona tabu. Leo futi ilipogusa bega lake alishtuka. Ikapita mgongoni, ikazunguka kiunoni, na kichwa cha Fundi kikawa karibu na shavu lake kiasi cha kusikia pumzi yake. Alinukia pasi na pamba. Futi ikamponyoka, ikaanguka.

"Mbona unatetemeka?" Pini alinong'ona. "Si ulisema unavijua?"

"Zamani nilikuwa nampima mteja."

Aliinama kuiokota, na aliposimama hakurudi nyuma. Pini angeweza kuhesabu kope zake kama angekuwa na akili ya kuhesabu.

"Rudi," Fundi alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu asiyezoea. "Nenda uone kila kitu, halafu rudi. Nakupenda, Pini. Nilipaswa kukwambia kabla hujajua hata kutia uzi."

Pini alifumba macho. Alikuwa amelingoja neno hilo mpaka akaanza kulisahau, na sasa limekuja kwenye kibanda chenye vipande vya nguo sakafuni na suruali ya Mwalimu isiyo na vifungo inawatazama ukutani. Hakutamani lije mahali pengine.

"Nimesikia," alisema. "Sasa kata."

Fundi alitandaza kitambaa juu ya meza. Akakilainisha kwa viganja, akachukua chaki, akachora ubavu wa kwanza. Kisha mkono wake ukasita pale ambapo siku zote ulisita.

"Nikuachie kiasi gani?"

Pini alikuja akasimama upande wa pili wa meza, mahali pake pa zamani. Uso ulimwaka lakini hakuuficha.

"Kama unavyowaachia maharusi."

Chaki ilisimama hewani. Fundi alimtazama kujua kama ni utani, akaona si utani. Akaitikia kwa kichwa. Halafu akainama, akasogeza mkono wake mbali na mstari wa kwanza, mbali zaidi, mpaka karibu na ukingo wa kitambaa, akachora mstari mwingine mrefu, polepole, tangu kwapani mpaka pindoni. Mstari ulipinda kidogo. Tangu Pini amjue, hakuwahi kumwona amepinda mstari.

"Mkasi," alisema Fundi, akiutafuta huku umelala mbele ya macho yake.

"Uache." Pini aliweka kiganja juu ya mkono wake. "Mama yuko nyumbani. Shangazi naye bado yuko kwenye kochi, ananipangia. Tukifanya haraka tutamkuta hajanifikisha kwenye harusi."

"Sasa hivi? Na shati hili? Pini, kesho mapema ninge—"

Akalisikia neno lake mwenyewe.

"Gauni litangoja kesho," Pini alisema. "Wewe nimekungoja vya kutosha."

Fundi alizima taa, akavuta mlango wa kibanda, akafunga kufuli mchana kweupe, jambo ambalo mtaa haukuwahi kuliona. Walipofika kona walipishana na Mwalimu, aliyekuwa anarudi kuulizia suruali, naye akasogea pembeni akawapisha. Fundi alikuwa na chaki shavuni, vipande vya uzi kwenye shati, na futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Pini aliviona vyote. Alimshika mkono wakaendelea, wala hakumwambia avitoe.